Maswali ya Wasomaji: Nani Anaruhusiwa Kugombea?

Niliishia darasa la saba. Naweza kugombea ubunge? (Msomaji, Kongwa)

Unaweza. Ibara ya 67 ya Katiba inataka raia aliyetimiza miaka 21, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, aliyependekezwa na chama cha siasa. Cheti hakitajwi. Wenye shahada wanaopita vijijini wakidai kwamba sheria inawataka wao tu, waombe wakuonyeshe kifungu.

Niliwahi kufungwa miezi minane kwa kupigana kilabuni. Nimepoteza sifa? (Msomaji, Bahi)

Kifungo kinachozidi miezi sita humwondolea mtu sifa kama kosa lenyewe linaambatana na utovu wa uaminifu: wizi, utapeli, kughushi. Ngumi si mojawapo. Ila soma hukumu yako yote. Kama ulishtakiwa pia kwa kumnyang'anya mwenzio simu, jibu linabadilika. Kodi nayo ina kipengele chake: aliyetiwa hatiani kwa kukwepa kodi ya Serikali ndani ya miaka 5 kabla ya uchaguzi hapiti.

Naishi Dodoma mjini, kwetu Mpwapwa. Nigombee wapi? (Msomaji, Kikuyu)

Ubunge, popote, Katiba haidai uwe mkazi wa jimbo. Udiwani ni habari nyingine: lazima uwe mkazi wa kawaida wa eneo la halmashauri husika, na kaburi la babu halikufanyi mkazi.

Chama kimenipitisha. Mbona wenzetu huenguliwa wakiwa na sifa zote? (Msomaji, Chamwino)

Wengi huangushwa na fomu. Kwa ubunge unahitaji wadhamini wasiopungua 25 waliojiandikisha kupiga kura katika jimbo lako, ambao hawajamdhamini mgombea mwingine wa ubunge. Tafuta 35. Mmoja akikutwa ameandikishwa Kondoa, au namba ya kadi yake ya mpiga kura imekosewa tarakimu moja, bado una akiba. Nakili namba kutoka kwenye kadi yenyewe, usiandikiwe kwa simu.

Jina nalo ni mtego. Kama kadi yako inasema Mazengo na fomu inasema Masengo, umempa mpinzani pingamizi la bure. Tamko lako la kisheria, yaani kiapo kwamba una sifa za kugombea, lisainiwe mbele ya hakimu, na hilo usilisubirishe hadi asubuhi ya uteuzi, maana hakimu anaweza kuwa kwenye kesi. Hakikisha pia kiongozi wa chama mwenye mamlaka ya kuthibitisha mgombea ametia saini. Katibu wa tawi hatoshi. Dhamana ya ubunge ni shilingi 50,000, ya udiwani 5,000.

Mwisho wa kurejesha fomu ni saa 10:00 jioni siku ya uteuzi. Peleka asubuhi, msimamizi wa uchaguzi akague ukiwa hapo hapo, ili kasoro irekebishwe kabla muda haujaisha. Ukienguliwa, rufaa huenda Tume ya uchaguzi, kwa hiyo baki na nakala ya kila karatasi uliyowasilisha.