Maswali ya Wasomaji: Kiyoyozi cha mtumba kwenye pikapu ya zamani

SWALI: Mhariri, nina Toyota Hilux ya mwaka 1993 yenye injini ya dizeli aina ya 3L, ambayo haikuwahi kufungwa kiyoyozi. Wakati wa masika hapa Tanga, kuendesha vioo vikiwa vimefungwa ni kujipika. Muuza vipuri mmoja ameniwekea kompresa (pampu ya kugandamiza gesi), kondensa (rejeta ya kupozea gesi), mipira ya kupitishia gesi na draya (kichujio cha unyevu) vilivyotolewa kwenye magari mbalimbali. Je, nivichukue?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, usilipe bado. Kompresa, ambayo kila mtu huikimbilia, si ngumu kupatikana. Kinachokwamisha kazi ni breketi ya kuifungia kwenye injini, kwa sababu puli ya kompresa isipokaa mstari mmoja na ya injini, mkanda utalia, utalika upande na mwisho utaruka. Tafuta kwanza Hilux mbovu ya umbo na injini kama yako, uchukue breketi pamoja na boliti zake, puli ya kukazia mkanda, na sanduku la evapoleta, yaani kipoza hewa, linalokaa nyuma ya dashibodi, maana la gari jingine huenda likakulazimisha kukata bati.

Kompresa yenyewe ikaguliwe hapohapo mezani. Zungusha kwa mkono sahani ya mbele ya klachi yake, ile ya umeme inayoiunganisha na puli. Iende kwa uzito wa wastani, bila kukwaruza wala kukwama. Kisha ingiza kitambaa cheupe kwenye tundu la bomba. Kikitoka na oili nyeusi yenye vimeta vya chuma, irudishe, na kondensa ya gari hilohilo uiache pia, kwani vumbi hilo limekwisha kufika huko.

Draya usiipokee hata kwa bure. Ndani yake mna punje za kunyonya unyevu, ambazo zikiachwa wazi kwenye hewa ya Pwani hushiba upesi. Nunua mpya, pamoja na oringi zote (pete za mpira za kuziba maungio).

Uliza pia vifaa hivyo vilitumia gesi gani. Magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia R12, ambayo iliondolewa kutokana na Itifaki ya Montreal ya 1987 ya kulinda tabaka la ozoni. Wewe utajaziwa R134a, isiyochanganyika na oili ya madini iliyotumika zamani; kwa hiyo oili yote ya kompresa imwagwe, itiwe oili ya sintetiki, ya PAG au ya esta. Mipira ya zamani ya R12 huweza kuivujisha gesi hii polepole, hivyo ni afadhali utengenezewe mipya.

Fundi apime uvujaji kwa naitrojeni, kamwe si kwa oksijeni, ambayo ikikutana na oili chini ya mgandamizo huweza kulipuka. Baada ya hapo avute hewa kwa pampu ya vakyumu kwa nusu saa au zaidi, na pampu ikizimwa mshale wa geji usisogee. Waya wa klachi ya kompresa uwe na rilei (swichi ya umeme) na fyuzi yake. Nimewahi kuona pikapu ambayo waya huo uliungwa kwenye taa za mbele, na kila usiku ulipoingia dereva alichagua kati ya baridi na kuona njia.

Mwisho, kwenye Hilux ile mbovu usisahau kile kifaa kidogo kinachovuta mkono wa pampu ya dizeli ili kuongeza mzunguko wa injini kompresa inapowaka. Bila hicho, gari likisimama kwenye foleni, injini itatetemeka na huenda ikazimika.