Lebo ya jiki inasema 3.5%, titresheni inatoa 5.8%: angalia uwiano

Mkuu, umepima jiki ya kuoshea kreti za samaki pale mwaloni Kirumba, Mwanza, lebo inasema sodiamu haipokloraiti 3.5%, wewe kwa titresheni (kudondosha thiosalfeti ya nguvu inayojulikana mpaka iodini iishe) umepata 0.78 M, yaani moli 0.78 kwa lita, karibu 5.8%. Jiki haiongezeki nguvu ikikaa. Joto na mwanga huipunguza. Jibu hilo lingekutia shaka mapema. Upimaji wako uko sawa, hesabu ndiyo imeteleza.

OCl⁻ + 2I⁻ + 2H⁺ → I₂ + Cl⁻ + H₂O
I₂ + 2S₂O₃²⁻ → 2I⁻ + S₄O₆²⁻

Haipokloraiti moja (OCl⁻) inatoa iodini moja (I₂), na iodini moja inakula thiosalfeti mbili (S₂O₃²⁻). Wewe umehesabu haipokloraiti moja kwa thiosalfeti moja.

Namba zako ni hizi: jiki cm³ 10 ikajazwa maji hadi cm³ 250, ukapipeti cm³ 25, thiosalfeti ya 0.100 M ikaenda cm³ 7.80. Hiyo ni mol 0.00078. Gawa kwa 2: mol 0.00039 za OCl⁻ katika cm³ 25. Kwenye cm³ 250 ni mara kumi, mol 0.0039, na zote zimetoka kwenye jiki cm³ 10. Basi 0.0039 ÷ 0.010 = 0.39 M. Zidisha kwa 74.5, uzito wa moli moja ya sodiamu haipokloraiti kwa gramu, unapata g 29 kwa lita, yaani 2.9%. Imepungua kidogo kuliko lebo, jambo la kawaida.

Ila 7.80 ni ndogo mno. Bureti ikikosea cm³ 0.1, umepoteza zaidi ya 1%. Anza na jiki cm³ 25 badala ya 10, utatumia kama cm³ 19.5 na kosa hilohilo litashuka hadi 0.5% hivi.

Mpangilio wa kumimina una maana. Potasiamu iodaidi kwanza, g 1 hadi 2, ndipo asidi. Ukitanguliza asidi, gesi ya klorini inatoka: unaivuta wewe, na jibu linashuka. Wanga, unaogeuka bluu ukikutana na iodini na kukuonyesha mwisho bluu inapopotea, usubiri mpaka rangi iwe manjano hafifu. Ukiuweka mapema unaing'ang'ania iodini, na mwisho wa titresheni unakuwa wa kubahatisha. Wanga wa muhogo unafaa kabisa, g 1 kwenye maji yanayochemka cm³ 100, upikwe siku hiyohiyo maana unachacha. Bluu ikirudi baada ya dakika kadhaa usiongeze kitu. Ni hewa inayogusa iodaidi ndani ya asidi.

Thiosalfeti usiitengeneze kwa maji ya bomba. Ya Mwanza yanatoka ziwani na yametiwa klorini, ambayo itaila kabla hujaanza. Tumia maji yaliyokenekwa, yachemshwe yapoe, kisha hakiki kwa potasiamu iodeti: g 3.567 kwa lita, cm³ 25 zake pamoja na iodaidi ya ziada na asidi zinapaswa kula thiosalfeti ya 0.100 M cm³ 25.0.

Kwa ndoo ya lita 20 unayotaka iwe na klorini mg 200 kwa lita, unahitaji g 4. Moli moja ya klorini (Cl₂) ni g 71, basi jiki yako ina 0.39 × 71 = g 27.7 kwa lita, kwa hiyo pima cm³ 144. Kwa hesabu yako ya mwanzo ungeweka cm³ 72, na kreti zingeoshwa kwa mg 100.