Matundu Niliyoyaziba

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Nyumbani kwako umefanya nini ili hewa ya ndani iwe nzuri?" Jibu langu fupi ni kwamba nilichukua tindo na nyundo nikatoboa ukuta. Jibu refu lina aibu kidogo, maana mimi ni fundi mwashi hapa Mwanza kwa zaidi ya miaka 20, na nikikaa kuhesabu, matundu ya hewa niliyoyaziba kwenye nyumba za watu ni mengi kuliko niliyoyaacha wazi.

Angalieni nyumba za zamani za mjini, zile zenye madirisha ya luva. Juu ya dirisha, karibu na dari, utakuta tofali mbili tatu za matundu. Waliozijenga hawakuziweka kwa urembo. Hewa ya moto hupanda. Pumzi za watu sita waliolala, mvuke wa sufuria, moshi wa kibatari, vyote vinakwenda juu, na vikikuta tundu vinatoka. Halafu ukaja mtindo. Mteja anakuja na picha kwenye simu: dari la jipsamu lenye taa za rangi, madirisha ya alumini ya kusukuma, ukuta laini kama yai. Anainua kidole: "Fundi, haya matundu yanaleta vumbi na mijusi, ziba." Nami naziba, nachukua hela yangu, naondoka. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini dirisha la kusukuma, hata liwe pana namna gani, linafunguka nusu tu. Luva ilikuwa inafunguka yote. Kwa hiyo umelipia dirisha la futi tano, hewa inayopita ni ya futi mbili na nusu.

Mimi mwenyewe nilifundishwa somo hili kwa njia mbaya.

Tulikuwa bado tunapanga, Mabatini, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati na uani nyuma. Ilikuwa masika. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa amebandika maharage uani, mvua ilipoanza akaliingiza jiko chumbani, akaliweka pembeni mwa kabati la vyombo. Makaa yalikuwa yamekolea, mekundu kabisa, hayana hata uzi wa moshi. Dirisha tulilifunga kwa sababu upepo ulikuwa unarusha maji mpaka kitandani, na chini ya mlango nikasokomeza gunia maana korido lilishaanza kujaa. Tukanywa uji, tukalala, watu wanne. Nakumbuka nilisema leo kuna kijoto kizuri.

Saa nane kasoro Neema, wakati huo ana miaka mitano, akaamka analia kichwa. Mama yake akasimama ili amchukue, akaenda chini kama kanga iliyodondoka kwenye kamba. Mimi akili ilikuwa inaona, miguu inakataa. Nilitambaa hadi mlangoni, nikavuta lile gunia, nikafungua, nikaanguka na kifua nusu ndani nusu koridoni. Mdogo wake Neema alikuwa amelala hatikisiki, tukambeba hivyohivyo mvuani, na nadhani ile mvua ya usoni ndiyo iliyomzindua.

Majirani walishatoa hukumu: ni chakula. Mmoja akasema maharage ya siku hizi yanawekewa dawa. Mwingine akaanza kumtaja mtu ambaye tulikuwa na mgogoro naye wa kiwanja. Maharage yenyewe yalikuwa hayajaiva, hakuna aliyeonja hata punje! Zahanati tuliyokimbilia wakatupima malaria, na kwa kanda hii siwalaumu. Wakakuta hakuna, wakatupa dawa za maumivu na kutuambia twende nyumbani tukapumzike. Mulemule chumbani, jiko lingali linawaka. Tulikuwa tumeshafika mlangoni ndipo muuguzi mmoja, mama wa makamo aliyekuwa anavua koti la zamu, akauliza: "Baba, jiko mlililaza wapi?"

Alitueleza tumesimama pale pale. Mkaa unapoungua hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu. Ikiingia kwenye damu inashikamana nayo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hivyo damu inazunguka mwilini haijabeba oksijeni ya kutosha. Kichwa kinauma, miguu inalegea, usingizi unakuwa mtamu. Wanaokutwa asubuhi wamekufa kitanda kizima, wengi hawakupata nafasi ya kuamka.

Naomba mnivumilie hapa, kwa sababu ndipo penye kosa ambalo karibu kila nyumba ya mtaani kwetu inalifanya kwa nia njema. Sote tumelelewa kujua kwamba jiko liwashwe nje, moshi ukishaisha liingizwe ndani. Moshi ule wa mwanzo ni wa karatasi, vijiti na vile visiki vya mkaa ambavyo havikuiva vizuri kwenye tanuri. Ukishaisha, macho hayawashi, tunadhani hatari imekwisha. Ndiyo kwanza imeanza. Makaa mekundu yasiyo na moshi yanatoa hewa ile ya sumu mpaka yageuke majivu. Pua yako haiwezi kukuambia lolote.

Basi, nilipojenga kwangu, Mkolani, nilijua nataka nini, ila mbu hawakutaka.

Anayeishi karibu na ziwa ananielewa. Saa kumi na mbili jioni kila kitu kinafungwa. Na kuna siku vile vidudu vya ziwani vinapanda kutoka majini kama moshi wa tanuri, vinafuata taa, asubuhi unavizoa barazani kwa kizoleo. Hivyo tundu la hewa lisilo na wavu si ukarimu, ni kukaribisha malaria, na wateja wangu waliosema "ziba" hawakuwa wajinga kabisa. Tatizo ni kilichofuata. Chumba kimezibwa, kisha ndani yake inawashwa dawa ya mbu ya duara, inaungua mpaka alfajiri juu ya kifuniko cha soda. Watafiti waliowahi kupima dawa za namna hiyo, matokeo yao yakatoka 2003, walikuta duara moja likiungua lote linatoa chembechembe laini sawa na za sigara 75 hadi 137. Mimi sivuti. Wanangu, kwa hesabu ya chini kabisa, walikuwa wanalala na karibu pakiti nne.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa wavu, siyo tindo. Madirisha yote, na mlango wa uani nikaufanyia fremu ya wavu inayojifunga kwa springi. Dawa ya duara ikatoka, vyandarua vikabaki. Wavu mlaini una ubaya wake: unapunguza upepo, na vumbi la barabara yetu likiuganda unakuwa ukuta kamili. Kila mwezi mara moja unapigwa brashi. Nani anaupiga, hilo ni suala la ndani ya nyumba, tusiende huko.

Ndipo nikageukia chumba cha watoto. Kilikuwa na dirisha moja tu, linaloangalia ziwani. Mchana upepo wa kwetu hutoka ziwani kuja nchi kavu, kwa sababu ardhi inashika joto upesi kuliko maji. Usiku unageuka, unateremka vilimani kwenda ziwani. Chumba chenye dirisha upande mmoja hakipati faida ya huo wala huu, kwani hewa haiingii mahali pasipo na pa kutokea. Nikatoboa ukuta wa kuelekea mlimani, juu ya linta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha, kozi moja, yaani mstari mmoja wa tofali, chini ya dari. Tofali moja nilitoa, inchi 18 kwa 9, nikapachika tofali la matundu na wavu kwa ndani. Linta yenyewe usiiguse hata kwa utani. Ukitaka kutoboa na hujui linta imepita wapi, mwite fundi, hata kama siyo mimi.

Jioni nikafanya jaribio ambalo sasa namfanyia kila mteja. Chukua kipande cha karatasi ya choo, chembamba kama utepe, kining'inize mbele ya tundu. Kabla sijatoboa kilikuwa kinaning'inia kama mkia wa ng'ombe aliyesinzia. Baada ya kutoboa, dirisha likiwa wazi, kikavutwa kikaganda kwenye wavu. Mama Neema alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. "Baba Neema," akasema, "miaka yote hiyo unajenga majumba ya watu, karatasi ya choo ndiyo imekufundisha kazi?"

Jikoni mambo yalikuwa tofauti. Tunapikia gesi, mtungi wa kilo 15, na hapa wengi wanachanganya. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inatandaa sakafuni kama maji, inakaa inasubiri kiberiti. Tundu la juu halitaiona. Kwa hiyo jiko langu lina matundu mawili, la juu la mvuke na moshi wa mafuta, na jingine karibu na sakafu. Mtungi wenyewe uko nje kwenye kibanda cha wavu wa chuma, mpira umepita ukutani. Na moto wa gesi uwe wa bluu. Ukiona unawaka njano na kuchora masizi kwenye masufuria, hauungui sawasawa.

Maharage, nikiri tu, bado yanachemshiwa mkaa, nje, kwenye banda lisilo na kuta tatu. Yanarowekwa usiku ili yasikae motoni siku nzima. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mimi nauunga mkono. Mayu wangu, yaani mama yangu, kule Magu anapikia mafiga, macho yake mekundu tangu nikiwa mdogo, na ukimwambia aache kuni anakuonesha mbegu za mahindi alizozitundika juu ya moto: "Moshi huu ndio unaofukuza wadudu." Ni kweli, unawafukuza. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020 peke yake. Nilimnunulia mtungi wa kilo 6. Anachemshia chai ya wageni. Ila mbegu amekubali zihamie kwenye pipa lenye mfuniko, na ukuta wa jiko lake nimeupunguza nusu upande wa upepo. Kwa mzee, hapo umefika mbali.

Unyevu nao ni hewa mbaya. Mwanza tunajenga kwenye miamba, wengine wanaegemeza ukuta kabisa kwenye jiwe kuokoa tofali. Masika maji yanashuka kwenye jiwe, yanaingia ukutani, ndani panaota ukungu mweusi, mtoto anakohoa mwaka mzima. Fundi mvivu anapaka rangi ya mafuta juu yake. Nimewahi kuwa fundi huyo. Ukungu unarudi baada ya miezi mitatu na kubandua rangi yako. Tiba ni mfereji kati ya jiwe na nyumba, maji yapate pa kupita, kisha ukuta ukauke, kisha usugue, kisha ndiyo rangi.

Shemeji yangu alisoma mahali kwamba maua ya ndani yanasafisha hewa, akajaza makopo sebuleni. Habari hiyo chanzo chake ni utafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa 1989, na ulifanyika ndani ya masanduku yaliyofungwa. Waliokuja kupiga hesabu upya 2019 walikuta utahitaji mimea 10 hadi 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili ishindane na dirisha lililofunguliwa. Maua ni mazuri, ayaweke.

Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kugusa ukuta wa mwenye nyumba, nisimdanganye, nafasi yake ni finyu: jiko la mkaa lisivuke kizingiti hata mvua inyeshe vipi, wavu wa kushikiza kwa misumari midogo dirishani, na kufagia kwa chelewa kubadilishwe kuwe kupiga deki, maana chelewa inainua vumbi lote lirudi kifuani.

Mwezi uliopita nilipita kwa mteja mmoja Buswelu, nyumba niliyomzibia matundu manane mwaka 2018. Nikamwambia nataka kuyafungua, bure, anunue wavu tu. Alinitazama kama anayejiuliza nimelewa saa nne asubuhi. Amesema atafikiria.

Na tundu langu la chumba cha watoto kwa sasa limezibwa nusu. Shomoro ameingia kwa nje, akajenga kiota ndani ya unene wa tofali, wavu ukamzuia asiende mbele zaidi. Neema, siku hizi ni binti wa sekondari, amenikataza nisiguse mpaka vifaranga viruke. Karatasi ya choo inacheza kidogo tu, nimeijaribu jana usiku. Dirisha tumeliacha wazi lote.

Fundi mwashi, Mkolani, Mwanza