Kitako cha bunduki kinanata: nianike juani?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina rifle ya .303 aliyoiacha marehemu babu. Mtutu wake ulizibwa, haifyatui tena, na karatasi zake ninazo. Kitako kilikuwa na vanishi nyeusi iliyokuwa ikibanduka. Niliitoa yote kwa msasa, kisha nikapaka mafuta ya linsidi mara tatu kwa siku mbili. Leo ni siku ya tisa na bado yananata, vumbi limeganda juu yake. Tena pale mbao inapokutana na chuma pana weusi usiotoka. Niongeze thina au nianike juani? (Msomaji, Nanyuki)

JIBU: Marahaba. Usifanye lolote kati ya hayo mawili, angalau si sasa.

Linsidi, yaani mafuta ya mbegu za kitani, haikauki kama rangi ya maji. Hakuna kinachoondoka kwenda hewani. Mafuta yenyewe huvuta oksijeni na kugeuka kitu kigumu. Ndiyo maana tabaka nene huniudhi sana: juu hufunga ngozi, chini hubaki uji, na hewa haipiti tena. Jua kali huiharakisha ile ngozi ya juu, na mbao kavu ya miaka mingi inaweza kupasuka ukiibanika. Kupaka mara tatu kwa siku mbili ni kosa la karibu kila anayeanza, nami nilikuwa miongoni mwao.

Angalia pia ulinunua nini. Dukani kuna linsidi mbichi na ile inayoitwa ya kuchemshwa. Hiyo ya pili siku hizi kwa kawaida haichemshwi. Hutiwa chumvi za madini kama kobalti au manganizi ili ikauke upesi. Mbichi huweza kuchukua wiki kadhaa. Kama kopo halisemi, paka tone jembamba kwenye kipande cha kioo. Likishika ndani ya siku moja au mbili, ni ya kuchemshwa. Baridi ya usiku ya huko kwenu nayo huchelewesha, kwa hiyo weka kazi ndani, penye hewa na mwanga.

Sasa uondoe huo unato. Lowesha kitambaa kwa tapentaini, sugua pamoja na nyuzi laini za chuma, zile za maseremala za namba 0000, si za kusugulia sufuria. Fuata mkondo wa mbao. Pangusa, rudia, mpaka kidole kiteleze bila kushikwa. Kisha uache siku tatu nzima. Najua mkono utawasha.

Weusi ulio karibu na chuma ni habari nyingine. Hayo ni mafuta ya kusafishia bunduki, yaliyoteremka miaka kwa miaka kila iliposimamishwa mtutu juu. Ni mafuta ya madini, hayakauki kamwe, na mahali yalipo linsidi haitashika. Changanya unga wa chaki na spiriti mpaka uwe kama uji mzito, upake hapo, ukikauka uupige brashi. Uji huo utatoka na rangi ya kahawia. Rudia hadi utoke mweupe. Hapa ndipo jua linapofaa: kabla ya kupaka uji huo, funga kitako ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, ukiweke nje saa moja au mbili, na mafuta yatatoka jasho yenyewe. Pangusa, halafu ndipo upake chaki.

Lakini usikimbilie kuifungua bunduki. Kama ni Lee-Enfield, ile bunduki ya jeshi la Uingereza, kama zilivyo nyingi za .303 zilizobaki huku, ile aina ya zamani iliyoanza 1907 ina mtego. Bolti ndefu ya kitako ina ncha ya mraba iliyoshikwa na mbao ya mbele. Ukiizungusha kabla ya kutoa mbao ya mbele, utaipasua. Mbao ya mbele hutoka kwanza, kitako baadaye. Na ingawa imezibwa, mpe kazi hiyo fundi wa silaha mwenye kibali.

Kuhusu msasa, natumaini hukuzidisha. Mbao inapaswa kusimama juu ya chuma kwa unene wa kucha. Ikishuka chini, hairudi. Mihuri midogo iliyogongwa kwenye mbao ndiyo wasifu wa bunduki hiyo, usiiguse. Vibonyeo unaweza kuvipandisha bila kukwangua: weka kitambaa chenye maji juu ya kibonyeo, gusa kwa pasi ya moto sekunde chache, mvuke huinua nyuzi zilizolala. Mbao ikikauka, pitisha msasa namba 320 kwa mkono mwepesi.

Baada ya hapo upake upya. Mara ya kwanza changanya mafuta na tapentaini nusu kwa nusu, acha dakika 15, halafu futa kana kwamba umekosea na hutaki ionekane. Kinachobaki ndani ya mbao kinatosha. Subiri siku moja, na kama bado kuna ubaridi wa unyevu ukigusa, subiri mbili. Mara tano au sita, safari hizo bila tapentaini, zinatosha kwa mjozi, ule mti wa jozi ambao vitako vingi vya enzi hizo vilichongwa kwao. Mng'ao wake ni wa chini, kama ngozi iliyopakwa mafuta asubuhi. Ukitaka kioo, rudi kwenye vanishi yako.

Vitambaa vyenye linsidi usivifinye ndani ya ndoo. Kule kuvuta oksijeni hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa hulihifadhi. Changu kiliwahi kuanza kutoa moshi karakanani, mchana, bila kiberiti. Vianike kimoja kimoja nje kwenye kamba, au vizamishe kwenye kopo la maji kabla ya kuvitupa.