Re: Polipu imeonekana kwa skrini, mbona tungoje maabara?

Pole dada, najua kungoja kunachosha. Umeuliza mbona daktari hapo Kisumu alisema polipu ya mzee, kale kanyama kameota ndani ya utumbo, haionekani mbaya halafu bado akaitoa akaipeleka maabara, hapo hajawazungusha hata kidogo. Ile kamera ya kuangalia ndani ya utumbo iko na mwanga wa bluu na kijani, akiuwasha mishipa midogo ya damu inajitokeza, sasa polipu ikiwa na rangi sawa na utumbo ama imepauka kiasi na mishipa haionekani sana, kawaida si ya kutisha, lakini ikiwa kahawia na mishipa imezunguka vidoa vyeupe hiyo mara nyingi ni adenoma, ile inaweza kugeuka kansa baada ya miaka. Wataalamu wa Marekani waliweka kiwango 2011: kuacha bila kukata kapolipu ka milimita 5 kushuka, kale ka karibu na njia ya haja kubwa, uhakika kwamba si adenoma ufike asilimia 90. Kufikia uhakika huo kwa macho tu kunataka mafunzo na utumbo uliosafishwa vizuri, kwa hivyo mimi naamini maabara. Ripoti ikitoka ulizeni ni aina gani, saizi, na mzee arudi lini kuangaliwa tena.