Maswali ya Wasomaji: Je, Kila Darasa Lipande Kiwango Kimoja kwa Mwaka?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaongoza idara ya Kiingereza katika shule ya sekondari. Tumeamua kupanga masomo kwa kufuata viwango vya umahiri vya Ulaya, yaani A1 (cha chini kabisa), A2, B1, B2, C1 hadi C2 (cha juu kabisa), na wenzangu wanapendekeza kila darasa lipande kiwango kimoja kila mwaka. Je, mpango huo unafaa?

JIBU: Ndugu Mwalimu, mpango huo ni mwepesi kuuandika lakini hautekelezeki, kwa kuwa viwango hivyo, vilivyochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, havilingani kwa muda unaohitajika kuvifikia. Kwa makadirio ya Cambridge, taasisi ya mitihani ya Kiingereza, mwanafunzi anayeanzia mwanzo kabisa hufikia A2 baada ya kufundishwa kwa saa 180 hadi 200, na B1 baada ya saa 350 hadi 400; kwa hiyo hatua kati ya viwango hivyo viwili huchukua saa zisizopungua 150. Darasa lenye vipindi vinne vya dakika 40 kwa wiki, kwa wiki 36, hupata saa 96 tu kwa mwaka, tena iwapo hakuna kipindi kitakachopotea, na sote tunajua kwamba vipindi hupotea. Ndiyo maana mwongozo wenyewe wa viwango hivyo una hatua za kati, kama vile A2+, iliyo kati ya A2 na B1, ambazo ningezitumia bila kusita kuwa shabaha ya mwaka.

Lililo zito zaidi ni kwamba darasa halina kiwango kimoja. Mwanafunzi aweza kusoma kwa kiwango cha B1 ilhali mazungumzo yake yangali A2, hivyo wapimeni mwanzoni mwa mwaka katika kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, kila stadi peke yake. Kisha chagueni kauli chache za “anaweza”, yaani zile zinazoeleza mwanafunzi wa kiwango fulani anaweza kufanya nini kwa lugha, zinazolingana na matokeo hayo, na sarufi ifuate kauli, isizitangulie. Lengo likiwa kwamba mwanafunzi anaweza kusimulia tukio lililompata, atahitaji njeo za wakati uliopita na viunganishi vya mfuatano, na mazoezi yatakuwa ya kusimulia hasa, si ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi.

Katika ripoti kwa wazazi, andikeni kiwango cha kila stadi badala ya herufi moja ya jumla.