Kumano Kodo: panga jioni zako kabla ya kupanga mlima

Wanaoniuliza kuhusu Kumano Kodo, njia za kale za mahujaji huko Japani, huanza na mlima: una urefu gani, nifanye mazoezi kiasi gani? Nawaambia aliyewahi kulala kibanda cha Mandara pale Kilimanjaro ameshafika juu kuliko sehemu yoyote ya njia hizi. Hapa hakuna kilele cha kupigia picha. Kinachochosha ni ngazi za mawe na mizizi, panda shuka, panda shuka, na mvua ikinyesha zinateleza vibaya. Vaa buti lenye meno, shika fimbo, inatosha.

Safari hii inaamuliwa na jioni. Mahujaji wamepita milima hii ya rasi ya Kii kwa zaidi ya miaka elfu moja, na UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2004, lakini Ujapani wenyewe utakutana nao nyumba ya wageni, ile ya kifamilia wanayoiita minshuku. Chakula huandaliwa saa kumi na mbili, na ukichelewa unawaweka wenyeji roho juu. Kwa hiyo pima mwendo wako ufike saa kumi, uoge, ndipo ule.

Njia ninayopendekeza ni Nakahechi. Panda treni kutoka Osaka hadi Kii-Tanabe, kisha basi mpaka Takijiri. Kutoka hapo hadi hekalu kuu la Hongu ni kilomita 38 hivi. Wapo wanaozimaliza kwa siku mbili. Mimi nasema tatu, na siku ya kwanza uishie Takahara. Ni kama kilomita nne tu, ila zote mlima, na kijiji kimekaa mgongoni mwa kilima, safu za milima zimejipanga mbele yako. Njiani kuna vihekalu vidogo viitwavyo oji, vingi vina kisanduku cha mbao chenye muhuri ndani. Gonga kwenye kijitabu chako. Utacheka mwanzoni, halafu utaanza kuitafuta.

Ukifika, viatu vinabaki mlangoni. Ndara za chooni ni za chooni, usitoke nazo. Yukata utakayopewa, yaani joho jepesi la kuvaa ndani, pindo la kushoto lije juu ya la kulia. Kinyume chake ndivyo wanavyovalishwa maiti. Mezani kuna samaki wa mtoni aliyechomwa kwa chumvi, tofu, supu ya miso na ume, tunda dogo kama plamu, la kuchachua, maana Wakayama ndiko nyumbani kwa tunda hilo. Kwa Waislamu: taja masharti yako siku unapohifadhi chumba, si ukiwa mezani. Shida si nguruwe peke yake; michuzi mingi hutiwa sake au mirin, ambazo ni pombe za mchele.

Sasa bafu, ambalo ndilo linalowatisha watu wa kwetu. Unaoga kwanza kwa sabuni, umekaa kwenye kigoda, kisha unaingia kwenye maji ya moto bila nguo, wanaume kwao na wanawake kwao. Kama stara haikuruhusu, nenda Yunomine, kijiji cha chemchemi za moto karibu na Hongu. Pale kuna Tsuboyu, kibanda cha mbao juu ya mto chenye bafu moja dogo. Mnapewa nusu saa, mnafunga mlango, hakuna wa kuwaona. Nje yake maji ya chemchemi yana joto la nyuzi 90 hivi, na watu huchemshia mayai humo kwenye vifuko vya wavu. Tia chumvi, kula ukiwa umesimama.

Hongu yenyewe usiishie hekaluni. Shuka Oyunohara, lilipokuwa hekalu hadi mafuriko ya 1889 yalipolibomoa. Lango lililopo sasa lina takriban mita 34 kwenda juu.

Juni ni mvua, Agosti na Septemba vimbunga. Oktoba na Novemba ndio msimu wangu. Hifadhi vyumba mapema, kwani vijiji ni vidogo, na visa nayo itadai ratiba yako. Begi kubwa lipeleke kwa huduma ya kusafirisha mizigo kati ya nyumba na nyumba. Na beba yeni taslimu, kadi huko milimani mara nyingi hazipokelewi.